Kitako cha Meka

Jiwe halikuwa kubwa. Lilikuwa jiwe la mto, la mviringo, lililoenea vizuri kwenye kiganja cha msichana wa miaka 13, na mama mudogo alilifunga ndani ya kitambaa ili lisichubue bati. Aliniambia niipindue meka, lile kopo la kupimia unga, niibane kwa magoti, nigonge kitako polepole, nikianzia katikati nikienda pembeni, bila kufika ukingoni. "Usipige na nguvu. Ukipiga na nguvu inaonekana." Nilipomaliza, kitako kilikuwa kimevimba kwa ndani kama mgongo wa bakuli lililofunikwa. Ukiiweka meka mezani, huoni kitu. Ukiijaza unga, huoni kitu. Mnunuzi anaangalia juu, kwenye kile kichwa cha unga kinachochongoka kama kichuguu. Chini hakuna anayeangalia.

Hapo ni soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo, mwaka 2004. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa katika biashara, na nimekaa nalo kimya miaka mingi.

Kwa msomaji asiyeijua Lubumbashi: meka ni kopo la bati tunalopimia unga wa mahindi, bunga ya bukari, yaani ugali. Watu wengi hapa hawanunui mfuko, wananunua meka, na wengine nusu meka, kadiri pesa ya siku ilivyoingia. Mfuko wa kilo 25, kama ile inayotoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ukipimwa kwa meka kamili ya kilo 2 na nusu unatoa meka 10. Mfuko wetu ulitoa meka 11. Pesa ya zile 10 karibu yote ilirudi kwa mwenye mali, kwa sababu mama mudogo alikopeshwa mifuko asubuhi na kulipa jioni. Ya 11 ndiyo iliyotulisha.

Halafu kulikuwa na matabishi. Hakuna mteja wa Lubumbashi anayekubali kuondoka bila matabishi, ile nyongeza ya mwisho inayotoka kwa mkono wa muuzaji. Mama mudogo alikuwa mkarimu sana kwa matabishi. Akishamimina meka kwenye mfuko wa mteja, alizamisha mkono kwenye unga, akatoa ngumi nzima, akaongeza huku akitabasamu: "Kamata mama, ya batoto." Mteja aliondoka amefurahi, na kesho alirudi kwake yeye, si kwa jirani. Nilikuwa nasimama nyuma nikiangalia, na hata kwa umri ule nilielewa kwamba ile ngumi ilikuwa ya mteja mwenyewe. Alirudishiwa kidogo kati ya kilichobaki chini ya kitako, naye akasema asante.

Siandiki haya kumvunjia heshima mama mudogo. Alinilea. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa mwaka 2003, na nyumba yetu ikagawanyika kama nyumba nyingi za kambi za wafanyakazi zilivyogawanyika: mimi kwa mama mudogo, kaka zangu kwa babu. Mama alizoea kutusimulia kwamba alipoolewa hakuijua meka. Unga ulikuja nyumbani na posho ya kampuni, mfuko mzima umeshonwa. Hakuwa na haja ya kujua uzito wa kitu chochote. Nafikiri hilo lilitudhuru kuliko tulivyotambua. Mji mzima ulijifunza kununua kidogo kidogo ukiwa umeshakuwa mkubwa, bila mtu wa kuufundisha kupima.

Nikaolewa, nikahamia mtaa wa Katuba, nikawa mnunuzi. Na hapa kuna jambo ninaloliona ajabu hadi leo: mimi niliyegonga kitako kwa mkono wangu, nilikuwa nanunua meka kila siku na kuangalia kichwa cha unga kama wenzangu wote. Sikuweka mkono ndani hata mara moja. Ukiwa nyuma ya meza unajua, ukiwa mbele ya meza unasahau, kwa sababu una haraka, una mtoto mgongoni, na unaona aibu kuonekana mtu wa kuhesabu gramu.

Mwaka 2022 nilikuwa nasaidia kwenye kituo cha afya cha karibu na kwetu, siku za kupima uzito wa watoto. Mnaujua ule mzani wa kuning'inia, wa mviringo kama saa, wenye ndoano chini na kaptula ya kitambaa anamovalishwa mtoto. Siku hiyo watoto walikuwa wachache. Nilikuwa nimepita sokoni kwanza na meka yangu ya unga ilikuwa pembeni. Sijui wazo lilitoka wapi. Nikautia ule mfuko ndani ya kaptula, nikauachilia. Mshale ukatikisika, ukarudi, ukatulia kwenye kilo 2 na gramu 200.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri na mtoto wake akasema, "Huyu wako amekonda." Hatukucheka. Alifungua kikapu, akatoa unga wake naye. Kilo 2 na gramu 300. Mwingine akaleta maharage.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Nyumbani tulikuwa watu 8, meka moja kwa siku. Gramu 300 kwa siku ni kilo 9 kwa mwezi, zaidi ya theluthi ya mfuko. Kwa mwaka ni mifuko minne na kidogo juu yake. Mifuko minne ya unga niliyoilipia na haikupita mlangoni kwangu! Na aliyenunua mfuko mzima, yule mwenye pesa ya kutosha, hakupoteza hata kijiko. Ndiyo sababu jambo hili linanichoma. Kitako cha meka hakimgusi tajiri. Kinamchukulia anayenunua kidogo kwa sababu ana kidogo, na kinamchukulia kila siku.

Kesho yake nilifanya kosa. Nilirudi sokoni na unga wangu, nikasimama mbele ya muuzaji saa ya wateja wengi, nikasema kwa sauti kwamba meka yake haitimii. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama, njo unaniita mwizi?" Nikamwambia tumeupima. "Umepima na mzani ya nani? Kama haupendi, wacha. Bengine banangoya." Na kweli wengine walikuwa wanangoja, na walinikasirikia mimi, si yeye, kwa kuwachelewesha. Niliondoka mikono inatetemeka. Sikuwa na ushahidi wowote. Unga nilishaufikisha nyumbani, ningeweza kuupunguza mwenyewe. Haki ya mnunuzi iko pale pale mezani, kabla pesa haijabadili mkono. Ukishavuka mfereji wa soko, unabaki na maneno matupu.

Siku hizi, kabla ya kusema bei, naomba kuishika meka. Kwa upole: "Mama, nipe kidogo niione." Naingiza vidole, napapasa kitako. Kama kimevimba, vidole vinajua mara moja. Sisemi neno baya. Naweka meka chini, naaga, naenda meza nyingine. Nimeona wauzaji wawili watatu wakiniita nirudi na kutoa meka nyingine chini ya meza, iliyo nzima. Naangalia pia jinsi unga unavyoingia. Unga ukinyunyizwa kutoka juu unakaa kama pamba, hewa tupu. Meka ikigongwa mara mbili mezani, kichwa chote kinashuka na nafasi inaonekana. Basi naomba igongwe. Ni haki yangu, na muuzaji wa kweli haikatai.

Mwaka 2024 ndio ulionifungua macho zaidi. Zambia ilipigwa na ukame, mwishoni mwa Februari rais wao akautangaza kuwa janga la taifa, na unga kwetu ukawa adimu. Agosti mpaka ulifungwa siku chache kwa ugomvi wa biashara kati ya nchi zetu mbili. Bei ilipanda, kila mtu aliisikia, redio zilisema, watu walilalamika. Lakini sokoni niliona jambo lingine ambalo halikusemwa: bei iliposhuka tena, vitako havikushuka. Bei ikipanda, mji mzima unalia. Kitako kikipanda, hakuna anayesikia.

Nilimuuliza papa mmoja jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya ukaguzi wa bei kabla ya kustaafu, kama hili linaruhusiwa. Alinijibu taratibu, kama anayemfundisha mjukuu. Kuna sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Kwa bidhaa kama unga, muuzaji ndiye anayepanga bei yake na wewe una hiari ya kuikataa. "Bei ni huru, mwanangu. Kilo si huru. Kilo haina mwenyewe." Akaniambia ukitaka kulalamika, usipeleke kelele, peleka karatasi: siku, saa, meza ipi, umelipa ngapi, imetimia ngapi, nani aliona. Kelele zako zikifika jioni zimesahaulika.

Tulianza na likelemba yetu, upatu wa wanawake watano. Badala ya kumpa mmoja pesa yote kila juma, sehemu tulinunulia mfuko mzima, tukagawana kwa mzani. Tulinunua wa kuning'inia, unaofika kilo 50, kwa mchango. Ndipo tukajifunza kwamba hata mfuko una siri zake. Mfuko uliotoka kiwandani umeshonwa kwa mashine, na uzi wake ukiushika kwenye ncha sahihi na kuvuta, unafunguka wote kwa mkupuo mmoja kama mnyororo. Uliofunguliwa na kushonwa tena kwa mkono una mafundo, na pembeni ya uzi mpya unaona matundu ya zamani, tupu. Tulipata mmoja wa namna hiyo: nje jina la unga mweupe laini, ndani unga wenye pumba, wa bei ya chini, na pungufu ya kilo moja na nusu. Huo tuliupima mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, sisi watano tumesimama. Aliubadilisha bila ubishi. Nilikumbuka ile siku nilipokuwa peke yangu.

Mzani huo huo ulitusaidia kwenye jambo ambalo halina uhusiano na unga. Umeme wa Lubumbashi mnaujua. Bwana wangu alinunua betri ya mwanga wa jua mjini, imeandikwa volti 12, ampea-saa 100. Wiki tatu, ikafa. Tukiwasha taa mbili na kuchaji simu, saa tatu usiku ni giza. Dukani walitugeuzia risiti na kutuonyesha mstari uliochapwa chini kwa Kifaransa, ule mnaoukuta karibu kila duka: bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Bwana wangu akanyamaza. Maandishi yakichapwa, tunayaheshimu kama amri ya serikali.

Fundi wa umeme wa mtaani hakusoma risiti. Aliinyanyua betri, akaiweka chini, akacheka kwa huzuni. Akasema betri ya aina hii ni risasi ndani, na risasi ni nzito. Ya ampea-saa 100 huwa inakaribia kilo 30. Tukaitundika kwenye mzani wetu. Kilo 16. Karatasi ya juu ilikuwa inasema kitu ambacho tumbo la betri halikuwa nacho.

Mwanasheria mmoja tunayesali naye alitueleza kwamba ule mstari wa chini ya risiti haufuti kila kitu. Sheria yetu ya mikataba, ya zamani sana, ya tarehe 30 Julai 1888, inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika zinazokifanya kitu kisifae kwa kazi kilichonunuliwa. Mnunuzi anaweza kukirudisha na kudai pesa yake, au kubaki nacho na kudai sehemu ya bei. Ila asikawie. Kasoro uliyoweza kuiona kwa macho siku ya kununua, hiyo ni juu yako. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaambatanisha nakala ya risiti, tukaandika uzito na jina la fundi aliyeipima. Tulirudi mara nne. Mara ya kwanza bosi hakuwepo, mara ya pili hakuwepo, mara ya tatu alikuwepo akasema turudi. Mara ya nne alitupa betri nyingine, na tuliipima kwenye veranda ya duka lake kabla ya kuipakia. Nauli ya safari nne hakuna aliyeturudishia. Lakini bila risiti ile, yenye tarehe na namba ya betri iliyoandikwa kwa mkono kwa sababu bwana wangu aliisisitiza, tusingefika hata mara ya pili.

Kuna mengine mengi ningeweza kuyaeleza. Samaki wa barafu ambaye umeme ulimpotea njiani akagandishwa tena, ukimbonyeza akiyeyuka shimo la kidole halirudi. Duka linaloandika bei kwa dola na kukokotoa franka kwa hesabu yake lenyewe, hadi uulize "dola munahesabu ngapi?" kabla ya kuchagua kitu. Noti ya dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha, ambayo wewe ukiitoa inakataliwa, lakini ndiyo inayokuja katikati ya chenji yako imekunjwa vizuri. Ikunjue pale pale, iinue kwenye mwanga, irudishe.

Lakini nilikuwa bado na deni la mama mudogo.

Mwaka jana nilikwenda soko la Kenya na mzani mdogo kama zawadi. Bado ana meza yake, ingawa magoti hayamsaidii, na mjukuu wake wa kike ndiye anayemimina. Nilimwambia niliyoyaona kwenye kituo cha afya, na hesabu ya mifuko minne. Alisikiliza akiwa ameangalia chini. Halafu akasema, "Batoto saba, mwanangu. Ile kitako njo ilikuwa inabalisha." Sikuwa na jibu. Mimi ni mmoja wa wale saba.

Aliukataa mzani mara ya kwanza, na sababu yake ilikuwa ya kweli. Yeye akiuza meka nzima kwa bei ileile anatoa 10, jirani anatoa 11. Akipandisha bei ili afidie, mteja anamwona mwizi yeye, aliye mkweli. Nililala nikiifikiria hiyo, maana inamaanisha kwamba sisi wanunuzi ndio tunaomfukuza sokoni muuzaji mwaminifu, kwa kuuliza bei ya meka bila kuuliza uzito wake. Nikarudi na wazo la mifuko midogo ya kilo moja moja, imepimwa mbele ya mteja, bei imeandikwa kwenye kartoni kwa kilo. Meka ibaki kwa anayeitaka. Wiki ya kwanza wateja walipita wakisoma kartoni na kuendelea. Wiki ya pili alikuja mama mmoja anayepikia wafanyakazi wa gereji, akanunua kilo 6 kwa sababu alitaka kujua atatoa sahani ngapi. Wengine wakamfuata, si wengi.

Siku niliyokuwepo, mjukuu alikuwa anampimia mteja kilo mbili. Aliongeza unga kwa ncha ya kijiko hadi mshale ukagusa mstari, akasimamisha mkono. Mteja akaangalia mzani, akaangalia mfuko, akasema, "Na matabishi?"

Msichana akamgeukia bibi yake. Mama mudogo alisogea kwenye kiti, akazamisha mkono ndani ya mfuko wake mwenyewe, akatoa ngumi ya unga. "Kilo imetimia, mama," akasema. "Hii ni ya kwangu. Kamata."